Mwanamke Aliyetupa Godoro

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kuchukiwa. Jina lake Asumpta, mwigizaji katika kikundi cha maigizo cha mji mmoja wa reli chini ya milima ya Uluguru, miaka ile ambayo Ukimwi ulikuwa haujapata dawa na watu waliutaja kwa kunong'ona. Kikundi kilizunguka vijijini na igizo moja. Mgonjwa analetwa nyumbani kwa kaka yake, na mke wa kaka, ndiye Asumpta huyo, analiburuta godoro lake hadi uani na kumwambia akafie mbele. Kisha anatokea nesi, anamwinua, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Hapo kina mama hutoa machozi na kupiga vigelegele kwa pamoja. Nesi aliigizwa na Fausta. Mgonjwa aliigizwa na Kibwana.

Asumpta aliifanya kazi yake vizuri mno. Alirushiwa maganda ya miwa. Sokoni muuza nyanya alimgeuzia mgongo, akasema yeye hamuuzii mwenye roho mbaya. Asumpta akarudi mazoezini analia. Kibwana akamnyang'anya kikapu, akaenda sokoni mwenyewe, akarudi na nyanya na bilinganya ambazo hakuagizwa, akamwambia kwamba hao wanaomchukia ndio walioelewa igizo. Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Kibwana alimwita shemeji, jukwaani na barabarani.

Kisha Kibwana akaugua kweli. Mwanzoni watazamaji walimsifu. Alikonda, wakasema lo, bwana huyu anajua kuigiza! Alikohoa, wakapiga makofi. Wenzake nyuma ya pazia hawakupiga makofi. Hao, jamani, waliimba kila jioni kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kupeana mkono. Waliimba kwa sauti nne, tena vizuri. Na wiki hiyohiyo kila mmoja akaja na kikombe chake kutoka nyumbani. Asumpta naye alikuja na chake. Sitaki mumfanye malaika. Aliogopa kama wengine, na aliona haya.

Kibwana alipolala kitandani, nafasi yake alipewa mwingine. Watu walimuuliza Fausta: nesi, umemwona mgonjwa wako? Akajibu, nitakwenda kesho. Fausta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kesho, na sisi tunamjua, maana tunaishi naye nyumba moja.

Asumpta alikwenda. Mama yake Kibwana, mjane aliyeitwa Bi Mwanamkasi, alifungua mlango nusu. Alikuwa ameliona igizo, tena amekaa mstari wa mbele, na kwa macho yake alimwona mwanamke huyu akimburuta mwanawe kwenye godoro. Kibwana alikwisha kumweleza mara ngapi kwamba ule ni mchezo tu! Lakini moyo wa mama uliona ulichoona. Akafunga mlango, akatia komeo. Na kule ndani Kibwana hakuwa na mtu wa kumgeuza ila bibi huyo wa miaka sabini, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Majirani walikuwa wameacha hata kuja kuomba chumvi.

Asumpta angeweza kurudi kwake. Nani angemlaumu? Amekwenda, amefukuzwa, yamekwisha. Moyo wake, alikiri baadaye, ulipata nafuu kidogo mlango ulipofungwa, na nafuu ile ndiyo iliyomtisha kuliko ugonjwa wenyewe. Akazunguka nyumba. Uani akakuta beseni la mashuka yaliyolowekwa tangu juzi, machafu, mazito, ambayo bibi alishindwa kuyakamua. Alisimama mbele ya beseni lile muda mrefu. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akavaa mifuko ya nailoni mikononi kama walivyofundishwa na watu wa zahanati, akafua, akaanika, akaondoka bila kubisha tena.

Kesho yake beseni lilikuwa limejaa. Akafua. Siku ya tatu akafua, na ya nne. Bibi alikuwa akimtazama kutoka dirishani. Siku ya tano, jua la utosini, mlango wa uani ukafunguliwa.

"Ingia, mwanangu," bibi akasema. "Mtu hawezi kuigiza siku tano bila watazamaji."

Akaingia. Kibwana alikuwa amebaki mifupa na macho. Alipomwona, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, umelifuata godoro?" Wakacheka wote wawili mpaka kikohozi kikamshika, na Bi Mwanamkasi, ambaye hakuwa amecheka tangu masika, naye akacheka, kisha akalia. Miezi miwili na nusu Asumpta alimgeuza Kibwana, alimwogesha, alimlisha. Alipokataa kula alimgombeza kama mtoto, maana mgonjwa haulizwi uji. Na hofu? Hofu haikumtoka siku ya kwanza wala ya kumi. Alikuwa nayo pamoja na kijiko, na alilisha hivyohivyo. Hilo ndilo ninalomsifia mwanamke yule.

Kibwana alikufa asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake na miguu yake mikononi mwa Asumpta.

Msibani kikundi kizima kilikuja. Fausta alilia. Alilia hasa, akaanguka, wanawake wawili wakamshika, na watu wakasema, tazameni nesi alivyompenda mgonjwa wake. Asumpta alikuwa uani anachochea moto chini ya sufuria la wali, macho makavu. Machozi yake yalikwisha mapema, juu ya mashuka. Basi wanawake wakaanza kunong'onezana: mnamwona huyo? Ana roho ileile ya jukwaani.

Bi Mwanamkasi aliyasikia maneno hayo kutoka kwenye mkeka wa wafiwa. Akainuka, akajikongoja mpaka uani, akamshika Asumpta mkono mbele ya wote, akamleta ndani na kumketisha kando yake, mahali pa dada wa marehemu. Kisha wanawake wakaanza kuja kumpa pole, mmoja mmoja, na wengi wao hawakuweza kumtazama usoni.

Igizo lile lilionyeshwa tena mara nyingi. Sisi tulikwenda, tukalitazama, tukamzomea mwenye kutupa godoro, tukamlilia mgonjwa, tukarudi makwetu tumeridhika na mioyo yetu mizuri. Njiani tukirudi, je, ni milango mingapi ya wagonjwa tuliipita?