Kiota Kilichoziba Njia

Mwamba wa nyuma ya kijiji cha Zuzu ulisimama peke yake kando ya mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, mkavu kama mfupa. Wakweaji wa Ipagala, vijana saba chini ya uongozi wa Elisha, waliupanda kwa kufuata ufa mmoja mrefu. Mwaka huo tai weusi wawili wakajenga kiota katikati ya ufa huo na kuangua kinda. Nao wageni kutoka Arusha walikwisha kualikwa kuja kukwea mwishoni mwa Julai.

"Tupite tu," alisema Imrani. "Tai hatatudai nauli."

"Akitishwa mara mbili tatu, atahama," Elisha alijibu. "Kinda bado lina manyoya meupe. Litakufa."

"Wageni nao tuwaambie warudi?"

Joha, fundi cherehani, aliyekuwa mmoja wao, alinyoosha kidole mwambani. "Kuna upande wa mashariki," alisema.

Wenzake wakaangua kicheko. Upande ule ulikuwa laini kama sahani. Elisha hakucheka. "Nakupa mpaka tarehe ishirini, dada Joha. Ukishindwa, tutapiga kura kuhusu ufa."

Joha alijua kura ingeangukia wapi.

Kila alasiri alifunga cherehani akaenda mwambani. Elisha alizunguka kwa miguu kupitia mteremko wa nyuma, akafunga kamba kileleni na kuirusha chini. Joha alipanda hadi katikati bila taabu. Hapo jiwe lilimkatalia. Palikuwa na kimo cha mtu mzima kisicho na pa kushika, ila mstari mwembamba uliojaa udongo na kuvu. Alianguka, akaning'inia kwenye kamba kama ndoo kisimani, akapanda tena. Wiki ya pili vidole vilichunika hata sindano ikamshinda, na gauni la bibi harusi likachelewa. Mteja alimsema vibaya mbele za watu. Joha akaomba radhi, akamaliza gauni, na kesho yake akarudi mwambani na brashi ya kufulia.

Akausugua ule mstari akiwa amening'inia. Siku ya kwanza hakupata kitu. Siku ya nne ukucha ukaingia. Siku ya tisa zikaingia ncha za vidole viwili.

"Utasugua mpaka lini?" Imrani alimuuliza.

"Mpaka mkono uingie."

Tarehe ishirini wote walikuja. Elisha alikuwa kileleni. Imrani ndiye aliyeshika kamba chini. Joha alianguka mara ya kwanza, akaanguka na ya pili. Mara ya tatu alitia vidole katika mstari, akakandamiza miguu jiweni.

"Usiachie, dada!" Imrani alipiga kelele, akisahau kejeli zake zote. "Hapo hapo! Inuka!"

Joha aliuma meno, akainuka. Mkono wa kushoto ukadaka ukingo, kisha wa kulia. Alipofika kileleni alilala kifudifudi, akalia machozi ya furaha. Upande wa pili, tai alikuwa akitua kiotani na pimbi kuchani, asijue habari za mtu yeyote.

Kura haikupigwa. Wageni walipofika, waliongozwa na Joha upande wa mashariki, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitia vidole vyake katika mstari ule uliosuguliwa siku baada ya siku. Ama kweli, papo kwa papo kamba hukata jiwe.