Sauti ya Kwanza ya Mwalimu Atuganile

Hapo zamani, na siyo ile zamani ya wanyama kusemezana, ni zamani ya juzi tu, watu wakiwa na simu zao mkononi, palikuwa na mwalimu wa kwaya mjini Tukuyu, jina lake Atuganile. Sogeeni karibu. Nikimaliza nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Mwalimu Atuganile alikuwa hasikii bila kifaa, kile kidogo kinachokaa nyuma ya sikio. Siku moja kifaa kikanyamaza. Daktari wa masikio akakifungua, akasema chenyewe ni kizima, kilichokufa ni kipande kimoja kama punje ya mchele, na kipande hicho hakitengenezwi tena. Miezi minane mama huyu alisimama mbele ya kwaya yake akitazama midomo tu. Mwisho akaandika kwenye daftari, akawaonyesha watu: "Atakayenirudishia masikio yangu, sauti yake ndiyo nitakayoisikia kwanza." Zawadi ilikuwa hiyo basi, na watu waliitamani kuliko ng'ombe.

Tusekile, muuza vitenge wa karibu na stendi na mwimbaji wa kwaya ile, akakitafuta kipande mtandaoni hadi akakipata. Duka liko ng'ambo. Limebakiwa na kimoja. Linamshikia mnunuzi mpaka saa sita mchana wa siku hiyohiyo, na linataka kulipwa kwa kadi.

Kadi ya benki, ile ya kukopea, Tukuyu mngeitafuta kwa nani? Lakini Tusekile alijua njia. Vitenge vyake huviagiza kwa kadi isiyoshikika, ile ambayo kampuni ya simu inakutengenezea ndani ya simu yako. Inakupa namba ndefu, inakupa tarehe ya mwisho, inakupa tarakimu tatu za siri, nawe unalipia kwa pesa iliyomo kwenye laini. Haina benki, haina foleni. Ina kikomo tu, kwamba kwa siku hainunui kupita kiasi fulani. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya punguzo la vitenge alivyovisubiri mwezi mzima. Akinunua vitenge, kipande hakinunuliki. Akinunua kipande, vitenge basi tena. Akaviacha vitenge, na ilimuuma.

Pesa ikatoka kwa Anangisye, mtoto pekee wa Mwalimu, fundi rangi kule Mbeya. Alikuwa akidunduliza anunue pikipiki. Saa tatu asubuhi akaandika namba ya Tusekile, akaandika kiasi. Nanyi mnajua tunavyofanya: kabla ya namba ya siri simu inakutajia jina, nawe unalisoma. Anangisye akalisoma. Likatoka jina la mwanaume, Ipyana Mwaisumo. Mwingine angeshtuka. Yeye akasema moyoni kwamba laini itakuwa imesajiliwa kwa jina la mume wa Tusekile. Msicheke, nusu yenu hapa laini zenu zina majina ya shemeji. Akabonyeza, pesa ikaenda.

Saa nne, kwa Tusekile kimya. Saa nne na nusu, kimya. Akampigia Anangisye kuuliza, wakasomeana namba, wakakuta tarakimu moja imekosewa. Kampuni ya simu ikasema itashughulikia ndani ya siku tatu. Siku tatu, na duka linafunga mlango saa sita.

Ipyana huyo ni nani? Ni mpakia ndizi wa soko la Kiwira, na hajui Atuganile wala kwaya. Yuko juu ya lori, simu inaita, mtu analia kwamba amekosea kutuma, na anaomba pesa isirudi kwake, iende namba nyingine kabisa. Wenzake wakacheka hadi mikungu ikawaponyoka. Wakamwambia huo ndio utapeli wenyewe, azime simu. Ipyana akaangalia salio, akakuta pesa ipo kweli, nyingi kuliko alizowahi kuziona kwenye laini ile. Akauliza ni pesa ya nini. Akajibiwa ni ya masikio ya mama.

Ipyana akawaza, tapeli gani atatunga uongo wa masikio? Akaomba jina la mwenye hiyo namba nyingine, akaambiwa ni Tusekile Mwambene. Akaiandika, akasubiri jina, likatoka hilohilo. Akatuma, na makato akayalipa yeye mwenyewe. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Tusekile alipomaliza kulipia zilibaki dakika nne.

Wiki ya tatu kifurushi kikafika. Daktari akakipachika kipande, Mwalimu akakivaa kifaa sikioni kikiwa kimezimwa, akaketi uani kwake. Kwaya nzima ikaziba midomo. Jogoo akapelekwa kwa jirani. Wale watatu wakasimama mbele yake, na kwa kuwa anasoma midomo, wakamgeuzia mgongo wakaanza kubishana.

Tusekile akasema, "Kadi ilikuwa na jina langu, na kifurushi kimekuja kwa jina langu. Pesa bila njia ingebaki pesa. Miezi minane mimi ndiye niliyemwandikia kwenye daftari kila siku, nimeacha na vitenge vyangu. Nataka anisikie nikiimba."

Ipyana, aliyeitwa kutoka Kiwira akaja na viatu vya kuazima, akasema, "Mimi sikuahidiwa chochote, dada. Ningezima simu, nani angenijua? Sokoni wananiita mjinga hadi leo. Nataka mtu mmoja asikie jina langu kwa mdomo wangu, ajue lilifanya nini."

Ikawa zamu ya Anangisye. "Pesa ni yangu, na kosa ni langu, sikatai," akasema. "Lakini siku ile kifaa kilipokufa nilikuwa nimegombana na mama asubuhi. Nilimwambia asinihesabu tena kama mwanawe. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu. Nimemtumia meseji za kuomba radhi, ananijibu 'sawa'. Sawa ya kuandikwa siijui, kama imesamehe au imechoka."

Tusekile akajifuta macho, lakini hakurudi nyuma. Ipyana akatazama viatu, naye hakurudi nyuma. Wakageuka wote watatu.

Mwalimu Atuganile amechoka kusubiri. Mkono wa kushoto ameuinua, kama anavyoinyamazisha kwaya kabla ya wimbo. Kidole cha mkono wa kulia kiko nyuma ya sikio, juu ya kitufe. Hajui kilichosemwa nyuma ya migongo ile. Anaona midomo mitatu inafunguka.

Msiniambie waseme pamoja, kwa maana aliahidi kusikia sauti moja kwanza. Nami nimeshauliza hili Tukuyu, Kiwira na Mbeya, na kila mahali wamenijibu tofauti. Haya, kidole kinabonyeza. Je, nani alistahili kusikika kwanza?