Aliyeona Kosa Ndiye Afumue

"Bibi, mbona mkeka wako umekosewa hapa?"

Niliuliza hivyo nikiwa na miaka saba, kidole kikiwa juu ya mstari mwekundu. Mstari ule ulikuwa unakwenda vizuri, mara ukateleza upande, kisha ukarudi njiani kama mlevi aliyekumbuka kwao. Hakuna aliyenijibu. Bibi Siwema aliendelea kuchana miyaa ya kusukia mkeka, fyuu, fyuu. Shangazi Mwanahawa aliacha kusuka, akanitazama kama mtu anayesubiri kitu. Nje masika yalikuwa yanapiga mabati, na sisi wajukuu watano tumebanana ukumbini juu ya mkeka huohuo wenye kosa, tunamenya mihogo ya kuchoma. Ndipo Bibi akaita:

"Nanena!"

"Nena, Bibi!"

"Niseme kweli?"

"Kweli imelala!"

"Basi niseme uongo?"

"Sema, na chumvi utie!"

Akatia.

Zamani hizo, Fisi alikuwa na mgongo ulionyooka kama mchi. Alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, na alikuwa na kazi aliyojipa mwenyewe: ukaguzi. Kila masika yakikaribia, wanyama wa bondeni wakitengeneza nyumba zao, Fisi hupita mlango kwa mlango. Hodi hapigi. Huinamisha kichwa hivi, hufumba jicho moja, husema:

"Hapa pamepinda. Chenye kosa ni changu."

Akaenda kwa Panya, akaona ghala. "Hapa pamepinda. Chenye kosa ni changu." Akabeba ghala na mahindi yake.

Akaenda kwa Kicheche, akaona kitanda. "Hapa pamepinda. Chenye kosa ni changu." Akabeba kitanda.

Akaenda kwa Kanga, akaona kiota. "Hapa pamepinda. Chenye kosa ni changu." Akabeba kiota na mayai, na mayai akayala njiani, kwa sababu nayo, alisema, hayakuwa duara sawasawa.

Hapo mimi nikasimama. "Bibi, nani alimpa kazi hiyo? Na yeye mwenyewe amejenga nini?"

"Kaa chini, wakili," Bibi akasema. "Unazuia wenzako wasione."

Sasa sikiliza kibaya zaidi. Wanyama hawakumkasirikia Fisi. Walijikasirikia wenyewe! "Ningenyoosha kidogo tu," alilia Panya. "Ningepima tena," alilia Kicheche. Wakaanza kufumua kabla Fisi hajafika. Bonde zima likawa linafumua, kwaru, kwaru, kwaru, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na paa.

Aliyefumua kuliko wote alikuwa Mnana, yule ndege mdogo wa njano anayesuka viota. Tumbo lake lilikuwa zito kwa mayai matatu, na kiota hana. Si kwamba hakusuka. Alisuka mara sita, akafumua mara sita. Unyasi mmoja umechungulia nje? Fumua. Mlango umeangalia pembeni? Fumua.

Kobe, jirani yake wa chini ya mti, akachoka kutazama.

"Mama Mnana, mvua hiyo inakuja. Utataga wapi?"

"Kikinyooka nitataga."

Gudu-gudu-gudu, ikanguruma milimani.

"Kiota kitakungoja, mama. Mayai je?"

Mnana akashika unyasi. Alisuka mara ya saba. Akaona fundo la kwenye tawi limelegea. Lile alilifumua, akalifunga upya, akalivuta kwa nguvu zake zote, likashika, kwa sababu fundo lile ndilo lingebeba watoto. Kisha akauona mlango. Mlango umekwenda kombo. Mdomo ukamwasha! Akautazama mlango, akayatazama mawingu, akalitazama tumbo lake.

"Yai halijui kama mlango umepinda," akasema. Akauacha.

Hajakaa, Fisi huyo. Kichwa upande, jicho moja.

"Oho! Hapa pamepinda. Chenye kosa ni..."

"Chako, Bwana Mkaguzi," Mnana akadakia. "Chukua. Kiweke pamoja na lile ghala lililopinda na kile kitanda kilichopinda. Maskini!"

"Maskini nani?"

"Wewe, bwana. Jicho kali hivyo, halafu unalalia makosa ya watu! Huko ng'ambo ya mto wanacheka."

Fisi akaliachia tawi alilokwisha kulishika. "Wanasemaje?"

"Mimi nitasemaje, ndege mdogo kama mimi?"

"Sema!"

"Wanasema wewe ndiye jalala la bonde."

We! Manyoya yakamsimama Fisi. "Nataka mkeka!" akabweka. "Mkeka mkubwa usio na kosa hata moja! Na utanisukia wewe!"

"Nitakusukia, bwana. Ila uapie mambo mawili. La kwanza, mpaka utakapoukalia mkeka huo, usichukue tena chochote chenye kosa. Usijichafue."

"Naapa."

"La pili, sisi wasusi tuna mila. Aliyeona kosa ndiye afumue. Akifumua mwingine, kosa halitoki, linahamia pembeni tu."

"Jicho langu, mkono wangu," alisema Fisi, na kifua mbele. "Naapa!"

Wanyama wote walisikia. Kobe alisikia mara mbili.

Mnana akaanza kusuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, chwi, chwi, chwi. Haujafika urefu wa mkia, Fisi akaruka. "Hapa pamepinda!"

"Kweli, bwana. Fumua."

Fisi akaingiza kucha. Kucha za Fisi ni za kuvunja mifupa. Alitaka kutoa uzi mmoja, zikatoka tatu. Akazirudisha tatu, zikapinda sita. "Na hapa pamepinda!"

"Nani ameona?"

"Mimi!"

"Fumua, bwana."

Mnana akamwachia ukili, akapanda tawini kwake, akataga yai la kwanza. Na akaimba:

*Fumua, mkubwa, fumua,*
*jicho lako, mkono wako,*
*mvua haingoji pindo.*

Panya alisikia, akaacha kufumua, akafunika ghala jipya vivyo hivyo lilivyo. Fisi akatamani kulikagua, akakumbuka kiapo, akarudi kwenye ukili. Mnana akataga yai la pili. Kicheche akaingia ndani, akalala kwenye kitanda kipya chenye mguu mmoja mfupi. Aliuwekea jiwe tu. Mnana akataga yai la tatu.

Ti. Ti. Ti-ti-ti. Shaaaa!

Mvua ikashuka. Nyumba zote zilizopinda zikasimama. Nyingine zilivuja kona moja, wenyewe wakasogea kona ya pili. Nje, katikati ya tope, Fisi ameinama, anafumua. Siku tatu ameinama. Wiki ameinama. Miyaa ikaoza mikononi mwake, na alipojaribu kunyanyuka, nyuma kukakataa. Mpaka leo mtazame anavyokwenda: mbele juu, nyuma chini. Na ule mkeka hajaukalia.

"Funzo!" Bibi alipiga kofi. "Mtoto mwema hufanya kazi yake bila kosa hata moja."

"Bibi!" Nilikuwa nimesimama tayari, nimekasirika mpaka machozi. "Sasa Fisi si ndiye aliyetaka bila kosa? Si ndiye aliyeumia?"

"Fisi alikosa bidii," alisema Bibi, uso mkavu kabisa. "Hakufumua vya kutosha."

Shangazi Mwanahawa alicheka mpaka akadondosha ukili. Bibi naye akafunga kwa maneno yake: "Uongo wangu umefika ncha. Aliyeuona umepinda, aufumue mwenyewe."

Akanitazama mimi. Ndipo nikaelewa kile kimya cha mwanzo, na Shangazi alikuwa anasubiri nini. Nilikuwa nimeliona kosa. Mkeka ulikuwa wangu kuufumua. Nikautazama mstari mwekundu. Nikatazama wenzangu wanne waliokaa juu yake, na mihogo, na maji ya mvua yanayopita uani bila kutugusa. Nikakaa.

Bibi amekwenda, Mungu amrehemu, na mkeka umenifuata mpaka bweni la chuo. Huku wakaguzi hawapungui: jicho wanalo, mkono hawana. Na kusema kweli, asubuhi nyingine mkaguzi ni mimi mwenyewe. Nimeandika ukurasa, nimeuchana, nimeuandika, nimeuchana, mpaka nasikia kwaru kwaru kichwani. Hapo huuteremsha mkeka kutoka juu ya kabati, nikautafuta ule mstari kwa kidole, nikajiuliza: hili ni fundo, au ni mlango? Likiwa fundo, nafumua. Likiwa mlango, naenda kula.

Basi wewe uliyekaa pembezoni ukinisikiliza, nishikie ncha hiyo ya mkeka, tuukung'ute, tuutandike.