Hawisa Aandikwe Binti Nani?

Kabla sijaanza, nitoe la moyoni. Mwaka mmoja, kwenye akika ya mtoto wa jirani, nilimtazama kichanga akinyolewa nikasema, kwa mzaha tu, kwamba masikio yale sijayaona kwa baba yake. Watu wakacheka. Kabla Ramadhani haijaingia ndoa ya wazazi wake ilikwisha vunjika, na mwanamke yule akahama mtaa na mwanawe mgongoni. Nilikwenda kumwomba radhi nikakuta mlango umetiwa kufuli. Mola anisamehe. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na madarasa saba, lakini tangu siku ile kisa chochote cha nasaba kikinipitia siwezi kukiacha. Hiki kimenishinda, ndiyo maana nakileta kwenu.

Ilikuwa Uingereza ya kale, zama za ngome za mawe. Makabaila wa huko waliandika koo zao kwenye ngozi ndefu ya ndama: jina la babu juu, na mistari ikiteremka kwa watoto na wajukuu. Asiye na mstari hakuwa na ardhi wala jamaa.

Palikuwa na Bwana Rogeri, aliyejaliwa nguvu. Akishika kitu hakiachi. Jirani na rafiki yake alikuwa Bwana Fulko, mfupi, mwenye makengeza, aliyejaliwa subira. Na palikuwa na Mabila, mke wa Rogeri, aliyejaliwa kinywa kinachofungika. Hao watatu ndio waliompa uhai msichana Hawisa, na kisa hiki ni cha Hawisa.

Kwanza Rogeri. Wavamizi kutoka milimani waliichoma ngome yake wakati wa baridi. Akampandisha Mabila farasi, akamvusha daraja la mbao, akamwambia aende kwa Fulko na asigeuke nyuma. Yeye akabaki darajani na shoka lake, tangu adhuhuri mpaka mkewe alipofunguliwa lango la Fulko. Walipomtoa mtoni maiti, alikuwa na majeraha kumi na moja, yote ya mbele.

Kisha Fulko. Kwa sheria ya huko mjane wa kabaila alikuwa mkononi mwa mfalme, kama farasi aliyekosa mwenyewe, na mfalme alimwoza kwa amtakaye. Ikaja habari kwamba Mabila ametengewa bwana mmoja aliyekwisha zika wake watatu, na huyo wa tatu hakuna aliyejua aliugua nini. Fulko akamwita padri, akamwoa Mabila siku ya ishirini baada ya kifo cha Rogeri. Kwetu mjane angekaa eda, miezi minne na siku kumi, na tumbo lingejulikana ni la nani. Wale eda hawakuwa nayo, na mtu wa mfalme alikuwa njiani. Msiwacheke.

Hawisa akazaliwa. Ukihesabu tangu kifo cha Rogeri, siku mia mbili na sabini. Ukihesabu tangu ndoa ya Fulko, mia mbili na hamsini. Mkunga alimgeuza huku na huku, akasema si njiti, lakini hakuiva vizuri.

Fulko hakuuliza. Hawisa alipotimiza miaka sita iliingia ndui, na watumishi wote wakakimbia. Fulko alijifungia naye chumba kimoja, akimlisha uji kwa kidole na kumfunga mikono kwa vitambaa asijikune. Mtoto akapona. Fulko akaugua yeye, na alipoinuka kitandani macho yote mawili yalikuwa yamekufa.

Sasa Mabila. Ndugu wa Rogeri walimletea Injili aape mtoto ni wa nani, na ndugu wa Fulko wakamletea Injili hiyo hiyo. Alijua kilichomo vifuani mwao. Angemtaja Rogeri, ndugu wa Rogeri wangemuua mtoto wairithi ardhi wao. Angemtaja Fulko, ndugu wa Fulko wangefanya vilevile. Akanyamaza, na kwa kunyamaza kwake kila upande ukatumaini kwamba mtoto ni tatizo la upande wa pili. Wakamwita malaya mwenye pete. Waokaji mikate wakamwita mwanawe Binti Baba-Wawili, hata akiwapo. Padri akamnyima sakramenti kwa kukataa kiapo. Alipokufa, Hawisa akiwa na miaka kumi, alizikwa nje ya ukuta wa makaburi, bila kengele, upande wanakofukiwa mbwa.

Hawisa alipofika miaka kumi na minne alikuja hakimu wa mfalme, pamoja na mtawa mchora nasaba na ngozi yake. Sheria yao ilisema hivi: mtoto aliyezaliwa katikati ya waume wawili, ikawa hesabu inawakubali wote, akifika umri atachagua baba mwenyewe. Akishataja, imekwisha, upande mwingine hauna tena chake, na atakayemgusa mtoto atajibu kwa mfalme.

Asubuhi ile Hawisa alikaa kwenye benchi ukumbini akijitazama mikono. Ilikuwa mikubwa, na watu walisema ni ya Rogeri. Lakini alipocheka alikohoa mwishoni, na hivyo ndivyo alivyocheka Fulko. Mama yake angejua. Au pengine hata yeye hakujua. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akaja Bibi Gunora, mama yake Rogeri, kikongwe aliyebebwa kwa kiti. "Mjukuu wangu," akasema, "au mtu nisiyemjua, maana leo ndiyo utaamua." Akamweleza kwamba asipomtaja Rogeri, mstari wa mwanawe utakatika pale darajani, na ardhi itakwenda kwa ndugu zake wa baba mmoja, si wa tumbo lake Gunora, wale wale waliosikia mayowe siku ile wakabaki wamekaa wakiota moto.

Fulko alikuwa ameketi upande wa pili, fimbo magotini. Hawisa alijua asipomtaja itakuwaje. Kabaila kipofu asiye na mrithi, ndugu zake walikuwa na haki ya kumpeleka kwenye nyumba ya watawa na kuichukua ngome yake. Walikwisha kumtayarishia chumba, hakina dirisha. Alimsogelea, akakaa karibu yake. Fulko akazitambua hatua.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado."

"Kale kwanza. Hawa hawataondoka."

"Baba, unataka nikutaje wewe?"

Fulko akaigeuza fimbo magotini. "Nataka," akasema. "Lakini Rogeri alikuwa rafiki yangu, na naona haya kutaka."

Hakimu akamwita mbele. Hakuwa mtu mbaya. Akamwambia kwamba wengi wanaoletwa kwake hawana baba hata mmoja, yeye ana ziada, basi ashukuru na aseme upesi. Hawisa akauliza kama anaweza kuwataja wote wawili. Hakimu akakataa. Hapo mtawa akainua kichwa, akasema ipo njia ya tatu, ingawa hajaona mtu akiifuata: mtoto anaweza kukataa baba wote, akaandikwa binti wa mama yake. Ngozi ingeanza upya kwa jina la Mabila, na kwa desturi ya kanisa lao, ambaye nasaba imeanza kwake hawezi kuachwa nje ya ukuta. Mifupa yake ingefukuliwa na kuzikwa ndani, kwa kengele. Ila Hawisa angetoka ukumbini na nguo alizovaa tu, bila ngome wala jamaa, Gunora angebaki bila mjukuu, na Fulko angepelekwa chumba kile.

Hawisa akatazama kiti cha kikongwe. Akamtazama kipofu na fimbo yake. Akatazama dirisha linaloelekea ukuta wa makaburi.

Rogeri angeliacha daraja, Hawisa asingezaliwa. Fulko angekimbia na watumishi, asingefika miaka saba. Mabila angefungua kinywa, asingefika hata miwili. Kalamu ya mtawa imekwisha chovywa, na hakimu anasubiri.

Je, ungekuwa wewe ndiye Hawisa, ungemtaja nani? Usinijibu kwamba wote watatu wanastahili, hilo nalijua. Nakuomba jina moja.