Viti Vitatu vya Nyegere

"Paukwa."
"Pakawa."
"Mlango wa ghala."
"Uwe wazi."

Kuna jambo nimeliwaza miaka mingi na jawabu sijalipata: mnyama mwenye mkia mmoja anataka viti vitatu vya nini?

Hapo kale wanyama wa bonde moja walianzisha kampuni ndogo ya asali. Nyegere, mwenye kucha ndefu na tumbo lisilojua kusema basi, akawa mwenyekiti. Akawa mtunza ghala pia. Akawa mkaguzi vilevile. Kila mkutano aliruka kiti hadi kiti.

Kwichi. "Mwenyekiti anauliza, asali iko wapi?"
Kwichi. "Mtunza ghala anajibu, imepungua."
Kwichi. "Mkaguzi anathibitisha, imepungua kihalali."

Wanyama wakapiga makofi, pa pa pa.

Siku moja mkaguzi akaongeza, "Mwizi ni Pimbi. Afukuzwe leo."

Pimbi ndiye aliyeziba mitungi kwa nta, na aliishi na wanawe kwenye mawe ya ghala hilohilo. Akifukuzwa, mvua za masika zitawakuta nje.

"Mimi nala majani, mzee," akasema. "Asali inaninata sharubu."

"Nyamaza, kafupi wewe."

"Sinyamazi. Kanuni ulitunga mwenyewe: kabla ya kufukuza mtu, ghala likaguliwe. Mtunza ghala aingie, mlango ufungwe, ufunguliwe kwa amri ya mwenyekiti aliye nje."

Nyegere akacheka. Kanuni zake mwenyewe zingemfanya nini? Tena alikumbuka tone lililobaki chini ya mtungi mmoja. Akaingia. Kobe, bawabu, akasukuma komeo. Kacha.

Baada ya muda, ngo ngo ngo. "Fungua."

"Nani mwenzangu?" akauliza Pimbi.

"Mtunza ghala."

"Mtunza ghala hana amri, bwana. Tunamngoja mwenyekiti."

Ngo ngo ngo. "Mwenyekiti ndiye mimi."

"Mwenyekiti yuko nje. Ndivyo kanuni inavyosema. Wewe uko ndani."

Kisha taratibu, ngo, ngo. "Basi mimi ni mkaguzi."

"Ahaa, karibu, mkaguzi. Umeona nini humo?"

"Mitungi mitupu."

"Na nta niliyozibia?"

"Imekwaruzwa."

"Kwa kitu gani, mkaguzi?"

Nyegere akageuka kulia, akageuka kushoto. Humo hamkuwa na kiti cha kurukia.

"Kwa kucha ndefu," akasema.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mimi simwiti Nyegere mbaya. Viti vitatu vingemharibu hata Kobe.

"Achia viwili, utoke," akasema Pimbi.

"Nisipoachia?"

"Tutakuletea chakula humohumo. Majani."

Hadithi imefika kizingitini. Anayeitaka aingie nayo. Fundisho lake, watoto wangu: mkubwa apewe viti vyote, na msimuulize neno, kwani hakuna anayemkagua mtu vizuri kama yeye mwenyewe.

Wanyama wale, kwa kuwa hawakulisikia fundisho hili, waliamua vingine. Nyegere abaki na uenyekiti. Ghala apewe Pimbi, asiyependa asali. Ukaguzi apewe Nungunungu, ambaye hakuna awezaye kumkumbatia. Kobe ndiye aliyetekeleza: alivibeba viti viwili kwa wenyewe, kimoja kwanza, kisha kingine, kwa mwendo wake uleule, na Nyegere akangoja ndani mpaka amalize.