Kwa Nini Fundi Ngozi Hunywa Kwanza

Kaeni sawa, na wewe acha kumfinya mwenzako. Zamani gulio letu la Lukoma lilikuwa likifunguka lenyewe tu, watu wanafika na kuanza kuuza. Hakuna aliyemngoja fundi ngozi.

Siku hizo Nyamizi alikuwa akikausha samaki kwenye vichanja vyake, na watu wa mlimani wakishuka na ndizi kubadilishana naye. Ndivyo alivyolisha watoto sita. Juu ya mto aliishi mtani wake, Kasanda, fundi ngozi. Jamani, uvivu wa yule mtu! Shimo la kulowekea ngozi alilichimba ukingoni kabisa, penye kivuli, na maji yake ya magadi na magome akayamwaga mtoni.

Samaki wakafa, waliobaki wakahama. Vichanja vya Nyamizi vikakauka vitupu. Watu wa mlimani walikuja mara mbili, wakaguna, wakapeleka ndizi zao gulio la ng'ambo. Nyamizi alipolalamika, Kasanda alicheka. "Mtani, mimi nauza ngozi. Samaki wako wananihusu nini?"

Gulio lililofuata akatandika ngozi zake. Akangoja mpaka jua la utosi. Wapi! Hakuja hata wa kuuliza bei. Ngozi mtu hununua mara moja kwa miaka mitatu, tena akiwa amekuja kutafuta kitoweo. Kasanda akamfuata Nyamizi akiwa mnyonge kabisa.

"Mtani, wateja wangu wako wapi?"

"Chota maji ya mto unywe, yatakwambia."

Akanywa kata moja mbele ya watu. Lo! Alitema, akakohoa, machozi yakamtoka, na Nyamizi aliyekuwa amelia mwezi mzima akacheka mpaka akakaa chini.

Kasanda akafukia lile shimo, akachimba jingine mbali na mto, juani. Mvua mbili zikapita, samaki wakarudi, na ndizi zikarudi. Lakini Nyamizi hakumwamini. Akamwambia, "Kila gulio, utakunywa kwanza."

Na tangu siku hiyo, hapa Lukoma hauzwi hata dagaa mmoja mpaka fundi ngozi anywe kata nzima ya maji ya mto. Akikunja uso, watu wa mlimani wanabeba ndizi zao na kuondoka.

Mimi ni wa ukoo wa Nyamizi, na babu yenu yule pale anayejifanya amelala ni wa Kasanda. Mwaka wa arobaini huu namshikia kata, na kila gulio namjazia mpaka inamwagika.