Moto wa Jikoni Madhabahuni

Imepokewa kwa waliotutangulia katika imani kwamba katika nchi ya Wanubi, enzi zile walipokuwa wakimwabudu Kristo kando ya Mto Naili, palikuwa na mji mdogo wenye kanisa la udongo. Nyuma ya pazia la kanisa hilo iliwaka taa ambayo wenyeji hawakuiita taa. Waliiita Mkaaji. Walisema mcha Mungu aliyelijenga kanisa ndiye aliyeuleta moto wake, na kwamba moto ukiwaka Mungu yumo nyumbani mwake, na ukizimika ameondoka. Sheria yao ilikuwa kali: moto ule usichanganywe na moto mwingine wowote, na mlinzi atakayeuacha uzimike afukuzwe jangwani bila kibuyu cha maji.

Msicheke, ndugu zangu. Wangapi kati yenu hushusha sauti mkikanyaga kizingiti cha kanisa, kisha mkifika nyumbani mnawatukana wake zenu, kana kwamba Mungu amebaki huku nyuma, kafungiwa kwa kufuli? Haya, sikilizeni.

Mlinzi wa taa alikuwa mjane aitwaye Damiana, mja mnyenyekevu aliyeogopa dhambi kuliko mauti. Alasiri moja, alipotoka kwenda kuleta mafuta, alisikia mtu akiugua kwenye banda la wanyama nje ya ukuta. Alikuwa mtu wa jangwani, wa kabila lile lililozoea kuwavamia wenyeji na kuchoma mashamba yao. Miguu yake ilikuwa imeoza kwa vidonda. Watu wa mji walikuwa wamemwona tangu asubuhi, wakasema, "Mwacheni, adui ni adui." Damiana akasimama, akatazama kanisa, akatazama banda. Akajiambia, "Nitamwosha mara moja tu, nirudi."

Akawasha moto bandani, akachemsha maji, akaosha vidonda vile. Kazi ikawa ndefu kuliko alivyodhani. Ghafla upepo wa mchanga ukavuma na jua likafichika, hata mtu asiuone mkono wake mwenyewe. Damiana akakimbia akipapasa ukuta. Alipolifungua pazia, alikutana na harufu ya utambi uliokwisha kuzimika.

Akaanguka kifudifudi akisema, "Ee Bwana, umekwenda wapi?" Mchanga ulikuwa ukigonga dirisha. Basi hofu ikamfundisha kufanya haraka asilolitaka. Akarudi bandani, akachukua kaa la moto kwa kigae, akaiwasha taa. Hakuna aliyemwona.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile Damiana hakujua raha. Kasisi wao, Abba Pafnuti, alipokuja kusujudu mbele ya taa, yeye alikuwa akingoja ghadhabu imshukie mzee wa watu asiye na kosa. Mlango ukilia, anashtuka. Boriti ikialika, anafumba macho. Na kusali akashindwa, maana aombe kwa nani, na nyumba ni tupu?

Kisha homa ikaingia mjini. Ilianza nyumba moja, ikaruka nyingine, na kila jeneza lililopita Damiana aliliona ni lake. Akawa akisema moyoni, "Ni mimi niliyemfukuza Mungu, na sasa tumebaki peke yetu na kifo."

Ilikuwa desturi yao, wakipatwa na balaa, kila nyumba ije na taa yake ipewe moto wa Mkaaji. Wakakusanyika wengi. Aliyetangulia mbele alikuwa mama kijana, Sosana, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa amelala nyumbani hajitambui.

"Mama, niwashie upesi," alisema Sosana akilia. "Mungu akiingia kwangu leo, mwanangu atapona."

Damiana akaushika utambi. Angeweza kuwasha tu, nani angejua? Mkono ukakataa.

"Sosana, binti yangu, siwezi kukudanganya," akasema. "Huyu si Mkaaji. Mkaaji alizimika mkononi mwangu. Huu ni moto wa jikoni." Na akawaeleza yote, bandani na madhabahuni, asibakize neno.

Salaale! Kanisa lilipasuka kwa kilio. Taa ziliangushwa, watu wakajifunika nyuso. "Mungu ametuacha! Ndiyo maana tunakufa!" Papasi, mzee wa kanisa, akasimama mlangoni akapaza sauti, "Jangwani! Atoke leo hii!" Mkono wa mtu ukamkamata Damiana shuka. Hakujitetea. Alisema tu, "Abba, niombee nisifie mbali naye."

Abba Pafnuti naye aliogopa, tusimfanye malaika. Akamsogelea Damiana, akauliza, "Huyo mgonjwa wako yuko wapi?"

"Niko hapa," ikajibu sauti nyuma ya Papasi. Alikuwa yule mtu wa jangwani, ameegemea fimbo, aliyekuja kumtafuta aliyemtibu. "Nilikuwa nanuka hata mbwa hawakunisogelea. Mama huyu alinisogelea. Nilimwuliza ni nani aliyemtuma, akasema, 'Mungu wangu.' Nami nikajua Mungu wake amefika bandani."

Machozi yakamtoka Abba Pafnuti.

"Mmesikia?" akawaambia watu. "Siku ile sisi tulijifungia ndani, tukidhani Mungu analindwa asizimwe na upepo. Kumbe yu nje, ndani ya mjane huyu, anamwosha adui yetu. Tangu ubatizo tunafundishwa kwamba hekalu lake ni sisi. Tukaona ni rahisi zaidi kulinda utambi."

"Na sheria je, Abba?" aliuliza Papasi, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Kabla kasisi hajajibu, Sosana aliiweka chini taa yake ambayo haikuwashwa. Akamshika Damiana mkono.

"Mama, moto sitaki tena," akasema. "Njoo wewe."

Wakatoka pamoja, na Papasi akalazimika kusogea mlangoni ili wapite.

Watu huniuliza kama yule mtoto alipona. Sijui, aliyenisimulia hakuniambia, nami sitawatungia. Alichoniambia ni kwamba Damiana alikaa kando ya kitanda kile mpaka mwisho wa homa, akisali kama zamani, na kwamba Sosana hakuogopa tena.

Basi, wapendwa, ibada imekwisha, na mkishatoka nitafunga kanisa hili kwa kufuli kama kawaida yangu. Nawasihi, msije mkaniachia Mungu humu ndani.